Santuri za bendi kubwa za dansi: maswali yanayojirudia kuhusu kuzikusanya na kuzifufua

Haya maswali hayaishi. Mtu kapata boksi la santuri nyeusi nzito, hajui azioshe au aziache, azipige na nini, na kama zina thamani yoyote. Nimeamua kuyajibu kwa mkupuo mmoja. Ila kabla hujashika kitu nitangulize jambo moja: santuri nyingi nilizoziona zimekufa hazikuuliwa na panya wala unyevu, zimeuliwa na mtu anayezipenda aliyekuwa na haraka ya kuzisafisha, na mimi nimo kwenye hilo kundi, nitalisema huko mbele.

Tunaposema santuri za bendi kubwa tunamaanisha zipi?

Zile za spidi ya 78, yani mizunguko 78 kwa dakika, za muziki wa kumbi za dansi za Marekani na Uingereza. Tuseme kuanzia 1920 Paul Whiteman alipotoa Whispering kwa kampuni ya santuri ya Victor mpaka mwisho wa 1946, pale bendi kadhaa za majina zikiwemo za Woody Herman na Tommy Dorsey zilipovunjwa karibu kwa mpigo, maana kulipa na kulisha watu zaidi ya 15 barabarani kulishakuwa hasara tupu. Hapo katikati ndo kuna kina Fletcher Henderson, Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman, Artie Shaw, Glenn Miller, na upande wa London kina Ambrose, Lew Stone, Ray Noble na mwimbaji Al Bowlly. Wapo wanaobishana kwamba za miaka ya 20 ni "bendi za dansi" na "bendi kubwa" ni za kuanzia 1935 tu. Sawa, bisheni, santuri zenyewe zinatunzwa vilevile.

Saizi ya kawaida ni inchi 10, upande mmoja unabeba kama dakika 3, ndo maana nyimbo zile zote zinaisha kabla hujachoka. Inchi 12 inabeba dakika 4 na ushee. Benny Goodman alipotaka kurekodi Sing, Sing, Sing mwaka 1937 kwa urefu unaokaribia ule wa ukumbini ilibidi wimbo ukatwe vipande viwili, upande huu na ule wa santuri ya inchi 12, katikati unainuka unageuza unakaa tena.

Ni plastiki hii? Mbona nzito hivi?

Sio plastiki. Ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti huko India na nchi za jirani, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi meusi. Huo unga wa mawe haukuwekwa kwa ubahili tu, kazi yake nyingine ilikuwa kuisaga sindano ya chuma ya gramafoni ili ikae sawasawa na mfereji, yani ule mstari uliochongwa unaobeba sauti. Ukisikia ule mvumo wa shhhh nyuma ya muziki, sehemu kubwa ni mawe hayo unayasikia. Na ndo sababu ikianguka inavunjika kama sahani ya udongo, haina mjadala.

Vita vya pili vilizimaliza nyingi. Aprili 1942 serikali ya Marekani ilipunguza shelaki ya viwanda vya santuri kwa asilimia 70, makampuni yakawa yanaomba watu warudishe santuri kuukuu zisagwe zitengenezwe mpya. Kwa hiyo santuri za miaka ya 20 zilienda kuwa unga ndani ya santuri za 1943, na hizo za 1943 nyingi zina sauti chafu hata zikiwa hazijawahi kupigwa. Ukikuta ya wakati wa vita inakwaruza usiilaumu sindano yako kwanza.

Nitajuaje ni ya mwaka gani? Lebo haina tarehe.

Haina kweli, na karibu zote hazina. Angalia vitu vitatu: sura ya lebo, namba ya katalogi iliyochapwa kwenye lebo, na namba iliyochongwa kwenye ile sehemu laini kati ya muziki na lebo. Hii ya tatu ndo ya maana, tunaiita namba ya matriksi, ni ya kikao cha studio chenyewe sio ya dukani.

Kwenye Victor tafuta herufi VE ndani ya duara la yai, maana yake imerekodiwa kwa umeme, kwa maikrofoni, kwa hiyo ni ya 1925 au baada yake. Kabla ya hapo bendi nzima ilikuwa inajibana mbele ya honi kubwa, mpiga besi mara nyingi anawekewa tuba badala yake, ngoma kubwa inaachwa nje maana itarusha sindano ya kuchongea. Columbia ya Marekani iliweka W mbele ya namba kwa kazi hiyohiyo, na HMV ya Uingereza iliweka pembetatu ndogo baada ya namba. Lebo ya Victor yenye mapambo ya kujiviringisha ukingoni ni ya kati ya 1926 na 1937.

Ukishapata namba ya matriksi ingia kwenye hifadhidata ya rekodi za kale za Marekani inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ni bure, itakupa tarehe ya studio, mji, na mara nyingi mpaka nani alipiga tromboni ya pili.

Angalizo: tarehe ya kurekodi na tarehe ya kuuzwa ni vitu viwili. Mfano mzuri ni All or Nothing at All, bendi ya Harry James iliirekodi Agosti 1939 na kijana mmoja mwembamba anayeitwa Frank Sinatra, jina lake likaandikwa kwa maandishi madogo chini ya bendi, haikuuza. Mwaka 1943 Columbia wakaitoa upya, safari hii Sinatra juu na Harry James chini, ikalipuka. Muziki ni uleule wa siku ileile. Lebo ndo inakwambia umeshika ipi.

Teki ni nini na kwanini watu wanagombania?

Bendi ilikuwa inarudia wimbo mara mbili tatu hapohapo studio, kila mara moja ni teki, na wakati mwingine teki mbili tofauti zote ziliuzwa kwa namba moja ya katalogi. Unaweza kuwa na santuri mbili zinazofanana kila kitu kwa nje, moja solo ya klarineti inapanda, nyingine inashuka. Kwenye Victor namba ya teki iko kushoto mwa lebo, ndogo, imulike kwa tochi kwa ubavu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka hapa. Februari 1932 Duke Ellington alirekodi michanganyo miwili ya nyimbo zake kwa Victor, kwenye santuri za majaribio za spidi ya 33 na theluthi. Siku hizo mashine mbili za kuchonga zilikuwa zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja na maiki yake upande wake wa chumba, nadhani kwa usalama tu ili moja ikiharibika ibaki nyingine. Nakala za mashine zote mbili zikatoka nje. Miaka ya 80 wakusanyaji wakaziweka pamoja, wakazilinganisha, na kumbe ukipiga moja sikio la kushoto na nyingine la kulia unapata stirio halisi ya bendi ya Ellington ya 1932, tarumbeta kule, saksofoni huku. Sasa fikiria mtu mmoja angetupa nakala yake akisema "hii ninayo tayari".

Zipi ni adimu? Nina Glenn Miller nyingi, nimetajirika?

Hapana, pole. Glenn Miller kwenye lebo ya Bluebird ni kama chumvi. Chattanooga Choo Choo ndo iliyozawadiwa santuri ya kwanza ya dhahabu, Februari 1942, kwa kupita nakala milioni 1. In the Mood nayo iliuzwa hivyohivyo. Kitu kilichouzwa hivyo hakiwezi kuwa adimu, na kwa vile kilipendwa kilipigwa mpaka kikachakaa, kwa hiyo unachotafuta sio hiyo santuri bali hiyo santuri ikiwa safi.

Adimu za kweli ni za miaka ya njaa, yani ule mdororo mkubwa wa uchumi wa mwanzo wa miaka ya 30. Marekani iliuza santuri zaidi ya milioni 100 mwaka 1927, na 1932 zikashuka mpaka kama milioni 6. Soma hizo namba tena. Bendi hazikuacha kurekodi ila wanunuzi hawakuwepo, kwa hiyo Brunswick au Victor ya 1931 mpaka 1933 ya bendi ya kawaida kabisa inaweza kuwa ngumu kupatikana kuliko kitu maarufu cha 1940. Baadae zikaja lebo za senti 35, Bluebird na Decca ya Marekani iliyoanza 1934, ndo soko likapumua.

Halafu kuna viumbe vya ajabu. Hit of the Week, 1930 mpaka 1932, ni karatasi ngumu iliyopakwa utomvu upande mmoja tu, ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti kwa senti 15, zina bendi nzuri sana ila zinajikunja kama jani kavu. V-Disc, zile za jeshi la Marekani, Oktoba 1943 mpaka 1949, inchi 12, nyingi za vainili (aina ya plastiki) badala ya shelaki ili zisivunjike meli ikitikisika, na kwa sharti kwamba haziuzwi, vita ilipoisha nyingi zikaamriwa ziharibiwe. Na zile sahani kubwa za redio za inchi 16, hizo ukikutana nazo piga simu kwa mtu kabla hujafanya kitu.

Mbona sipati kitu cha Tommy Dorsey au Harry James kilichorekodiwa 1943?

Mgomo. Chama cha wanamuziki cha Marekani chini ya James Petrillo kilizuia wanachama kuingia studio kuanzia 1 Agosti 1942, wakidai fungu kwa sababu santuri na redio zinawanyima kazi wapigaji. Decca walikubali Septemba 1943, Victor na Columbia wakakomaa mpaka Novemba 1944. Waimbaji hawakuwa kwenye chama hicho kwa hiyo wakarekodi na kwaya tupu bila bendi, na wengi wanasema hapo ndo waimbaji walipozipita bendi kwa umaarufu na hazikurudi tena juu. V-Disc ziliruhusiwa kwa ajili ya askari, ndo maana zina thamani hivyo, ni dirisha la kipindi ambacho madukani kilikuwa kimya.

Naweza kupiga kwenye tantebo yangu ya kawaida?

Kama ina spidi ya 78 ndiyo, ila badilisha sindano. Hili silegezi. Sindano ya elpii, zile santuri za vainili za spidi ya 33, ina ncha ya kama mikroni 18 mpaka 25, mfereji wa 78 unataka kama mikroni 76, watu wanaiita sindano ya mili 3, yani sehemu 3 za elfu za inchi. Ukitumia ya elpii inazama mpaka chini kabisa kwenye mavumbi inagongagonga, unasikia uchafu badala ya muziki na unaua sindano. Ukiwa umekolea utanunua saizi mbili tatu, maana sindano nene kidogo au nyembamba kidogo inagusa ukuta wa mfereji mahali ambapo sindano za zamani hazikupita, na santuri iliyodhaniwa imekwisha ghafla inaongea. Hiyo ndo restoresheni ya kwanza na kubwa kuliko zote. Hakuna programu itakayokurudishia kile ambacho sindano haikukiokota.

Uzito wa mkono wa tantebo, gramu 3 mpaka 5 unatosha.

Na gramafoni ya kukaza kwa mkono? Inapendeza, naelewa, ila kile kichwa kinabonyeza kwa zaidi ya gramu 100, na sindano ya chuma inatakiwa kutupwa kila upande mmoja, sio kila wiki. Pigia vitu vya kawaida vya miaka ya 20 ambavyo unavyo viwili. Usipige V-Disc humo hata kwa mzaha, italima vainili mara moja tu na basi.

Spidi ni 78 kamili?

Jina tu hilo. Kwenye umeme wa hezi 60 mota inatoa 78.26, kwenye hezi 50 inatoa 77.92, hiyo tofauti huisikii. Tatizo ni za zamani zaidi, Columbia za enzi za honi mara nyingi ni 80, Victor za enzi hiyo zinaweza kuwa 76 au chini. Kati ya 78 na 80 hata nusu ya nusu toni haifiki, ila ukishuka mpaka 74 unakaribia nusu toni nzima na mwimbaji anaanza kusikika kama kalewa au kama mtoto.

Ujanja ni huu: bendi za tarumbeta na saksofoni zinapenda funguo zenye flati, Bb, Eb, F, Ab. Ukiona wimbo wa dansi unatua kwenye B asilia au E, na wapigaji wanaonekana hawahangaiki, shuku spidi kabla hujashuku wao. Shika piano au programu ya kutuni kwenye simu, rekebisha mpaka itue pale bendi ingependa kukaa.

Niioshe na nini?

Haya sasa, aibu yangu. Nilipoanza nilichukua pamba na spiriti kwa sababu elpii nilikuwa nazisafisha hivyo na hazikuwahi kulalamika, nikapaka kwenye santuri ya Brunswick iliyokuwa haina hata mkwaruzo, pamba ikaanza kuwa nyeusi nikafurahi nikajua uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Ilikuwa ni muziki. Spiriti inayeyusha shelaki, ndo hiyohiyo mafundi seremala wanayoyeyushia vanishi. Kwa hiyo alkoholi ya aina yoyote, na vile visafishio vya elpii vyenye alkoholi ndani, weka mbali kabisa.

Kinachofaa ni maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa, yani yale yasiyoacha chumvi yakikauka, na tone moja tu la sabuni ya maji ya vyombo. Brashi laini, fuata mzunguko wa mfereji usikatize, lebo isilowe, suuza kwa maji masafi, futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, simamisha ikauke yenyewe mbali na jua. Usiloweke. Columbia za katikati ya miaka ya 20 na kuendelea zimetengenezwa kwa matabaka, ndani kuna karatasi, uso wake ni mtulivu sana kuliko wengine wote, lakini zikiwa na ufa mdogo ukingoni maji yanaingia ndani yanavimbisha, hizo futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Ambazo hazioshwi kabisa: Hit of the Week, kwa sababu ni karatasi. Edison zile nene kama ubao, maji yanaingia kiini chake, halafu pia zimechongwa juu-chini sio kushoto-kulia, zinataka mpangilio wake wa kupigia. Na zile za kuchonga moja moja za redio, ambazo ukiangalia tundu la katikati unaona alumini au kioo, juu kumepakwa laka. Hizo zikizeeka zinatoa unga mweupe wa mafuta, laka inasinyaa na kubanduka kama rangi ya ukuta, na mara nyingi ni nakala pekee duniani ya kipindi hicho. Funga kwenye karatasi safi, peleka kwa mtaalamu wa kumbukumbu za sauti.

Imepinda, imepasuka, imevunjika vipande. Nitupe?

Usitupe chochote. Iliyopinda iweke katikati ya vioo viwili bapa mahali penye joto la wastani, siku mbili tatu, uzito kidogo juu, ipoe hapohapo kabla hujafungua. Sio oveni. Najua umesikia habari za oveni.

Ufa unaofika kwenye muziki unapigika, utasikia tik kila mzunguko, na tik zenye mpangilio ndo rahisi kuliko zote kuondoa kwenye kompyuta. Iliyovunjika vipande viwili vitatu inaweza kupangwa juu ya sahani nyingine na kushikwa kwa udongo wa kubandikia, ukairekodi mara moja kwa mkono mwepesi. Gundi mimi sipendi, ikiingia kwenye mfereji umeongeza tatizo la pili. Na kwa zile zisizoguswa kabisa kuna njia ya kusoma mfereji kwa kamera bila sindano, inaitwa IRENE, ilitokana na maabara ya Lawrence Berkeley ikishirikiana na Maktaba ya Bunge ya Marekani, wanapiga picha vipande halafu kompyuta inavifuata kama sindano ingefuata. Kwa hiyo vipande vyote vya kitu adimu, hata vidogo, weka kwenye bahasha moja.

Nairekodije kwenye kompyuta?

WAV, biti 24, kilohezi 96, na rekodi kwa stirio hata kama muziki ni mono. Watu wanauliza kwanini. Kwa sababu kuta mbili za mfereji hazichakai sawa, mkono wa gramafoni ulikuwa unaegemea upande mmoja, kwa hiyo mara nyingi chaneli moja ni safi kuliko nyingine, unachagua. Zikiwa sawa unazijumlisha kuwa mono na kelele zote za juu-chini zinafutana zenyewe bila programu yoyote.

Kingine, pre-amp yako (kile kikuza sauti kati ya tantebo na kompyuta) ina mkondo wa RIAA, yani kanuni ya kuongeza besi na kupunguza sauti za juu wakati wa kupiga, ambao ulikuja 1954, na hizi santuri ni za kabla, kwa hiyo unazikandamiza sauti za juu ambazo hazikuwahi kuongezwa. Ndo ile "mbona inasikika kama bendi iko ndani ya blanketi". Tumia pre-amp yenye mpangilio wa 78 au rekodi bapa, yani bila mkondo wowote, urekebishe kwenye programu, mahali besi inapoanza kurekebishwa ni kati ya hezi 250 na 500 kutegemea kampuni, Wazungu wa Ulaya chini, Wamarekani juu kidogo, sauti za juu ziache kama zilivyo kisha punguza kwa sikio.

Hilo faili la kwanza ghafi usiliguse milele. Fanya kazi kwenye nakala.

Programu gani inaondoa mikwaruzo, na niondoe kiasi gani?

Audacity ni bure na inatosha kuanzia, ClickRepair iliandikwa kwa kazi hii hasa, iZotope RX ina kila kitu. Mpangilio: ondoa tik kubwa kwanza, kisha mchakacho mdogomdogo, kisha rekebisha toni, mvumo wa shhhh mwisho kabisa kama ni lazima.

Kiasi gani, hapo ndo ugomvi. Mimi naondoa kidogo. Kwa kompyuta, mwanzo wa noti ya tarumbeta na tik ya mkwaruzo vinafanana mno, vyote ni mruko mkali wa ghafla, kwa hiyo ukibana sana programu inaanza kung'ata tarumbeta, na safu nzima ya tarumbeta nne zikiingia pamoja inasikika kama inapigwa kupitia karatasi. Ujanja wa zamani ni kugeuza faili likapigwa kinyumenyume wakati wa kusafisha, noti inakuwa inakuja taratibu na kukatika, tik inabaki tik, programu inatofautisha vizuri zaidi, ukimaliza unageuza tena. Na kila mara sikiliza kile kilichoondolewa peke yake, programu nyingi zina kitufe hicho. Ukisikia mdundo humo ndani, au mlio wa matoazi, umekula muziki, rudi nyuma.

Kuondoa shhhh yote ndo kosa la wengi na la CD nyingi za miaka ya 90. Ukumbi unaondoka nao. Rekodi za umeme za mwanzo zilifika kama hezi 5,000, lakini mwangwi wa chumba na pumzi ya mpiga klarineti vimelala humohumo kwenye mvumo, ukiufuta unabaki na bendi iliyokufa ndani ya sanduku la sufi. Sikio linauzoea mvumo baada ya sekunde 20, halizoei mashimo. Na stirio bandia na mwangwi wa kuongeza, sitaki hata kuandika.

Naweza kuziweka mtandaoni?

Inategemea uko wapi na ni ya mwaka gani. Kwa sheria ya Marekani ya 2018, rekodi zilizotoka kabla ya 1923 zilifunguliwa kwa wote tarehe 1 Januari 2022, na za 1923 mpaka 1946 zinalindwa miaka 100, zinafunguka kundi la mwaka mmoja kila Januari, za 1924 zilifunguka 2025. Kwa hiyo Glenn Miller wako wa 1939 bado sana. Ulaya na Uingereza rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zimeshatoka kwenye ulinzi. Lakini hiyo ni rekodi, wimbo wenyewe yani utunzi una haki yake peke yake, huko Ulaya ni miaka 70 baada ya mtunzi kufa, na watu wanalisahau hilo mpaka barua ifike.

Nazihifadhije?

Wima, kama vitabu, zikibanana kiasi bila kulaliana. Rundo la kulala linazivunja za chini, ni nzito kuliko unavyodhani na rafu za kawaida zinapinda. Bahasha za karatasi isiyo na asidi, zile kuukuu za dukani zihifadhi pembeni maana nazo ni historia ila zinakwaruza. Kutuma kwa posta: katikati ya makadibodi mawili makubwa kuliko santuri, boksi ndani ya boksi, na boksi la ndani lielee lisiguse kuta. Kila nilipopokea unga badala ya santuri mtumaji alikuwa ameandika "fragile" kwa kalamu nyekundu na kuweka gazeti moja.

Unauza zako?

Hapana. Ila kama unayo Hit of the Week ambayo haijajikunja, tuongee.